Damu yako ikikataliwa kwa homa ya ini ya C

BARUA ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. Kijana aliyeileta katika kliniki yangu alikuwa ametoa damu kazini kwao, na sasa alikuwa amearifiwa kwamba damu hiyo haitatumika kwani ilionyesha dalili za homa ya ini aina ya C. "Daktari," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nimebakiza miaka mingapi?"

Nilimwambia aketi kwanza. Barua kama hiyo si hukumu, wala si thibitisho kwamba mtu ni mgonjwa.

Humu nchini, damu ya kuongezewa wagonjwa hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, na homa ya ini ya B na C. Kati ya vipimo hivyo, cha C ndicho kilichovumbuliwa mwisho. Katikati ya miaka ya 1970, Dkt Harvey Alter wa Marekani na wenzake waling'amua kwamba wagonjwa wengi waliougua ini baada ya kuongezewa damu hawakuwa na virusi vya A wala vya B. Virusi vya C vilitambuliwa mwaka wa 1989. Marekani ilianza kupima damu ya wachangiaji mwaka wa 1990, na Uingereza ikafuata Septemba 1991. Kabla ya hapo, maelfu ya watu waliambukizwa kwa damu ile ile iliyokusudiwa kuwaokoa.

Sasa, kipimo cha kwanza hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ili kupigana na virusi hivyo. Ni kama kuona nyayo za fisi bomani: zinakueleza kwamba alipita, hazikuelezi kama bado yumo. Takriban watu watatu kati ya kumi walioambukizwa hupona wenyewe bila dawa, lakini kingamwili hubaki. Mara nyingine kipimo chenyewe hukosea, hasa kwa watu wazima wa afya kama wachangiaji damu. Ndiyo sababu hufanywa kipimo cha pili, cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe.

Vikipatikana, usikate tamaa. Zamani tulitegemea sindano za miezi mingi zilizomdhoofisha mgonjwa na mara nyingi zisimponye. Leo kuna vidonge ambavyo vikimezwa kwa muda wa wiki nane hadi 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Hatari ni kukaa kimya, kwa kuwa ugonjwa huu waweza kujificha miaka 20 au zaidi huku ini likijaa makovu na pengine kupata saratani. Pombe huharakisha mambo. Chanjo ya C haipo. Ile tunayodunga ni ya B. Hauambukizwi kwa kula pamoja, kusalimiana wala kukumbatiana, ila wembe, mswaki na sindano kila mtu awe na vyake.

Kuna jambo moja linalonikera. Wako watu wanaokwenda kutoa damu ili wapimwe bure. Mtu akiambukizwa leo, kingamwili zaweza kuchukua miezi miwili au zaidi kuonekana. Katika muda huo kipimo cha kingamwili humwona safi, na damu yake yaweza kumfikia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Yale maswali unayoulizwa kabla ya kutoa damu, kuhusu sindano, chale na mengineyo, ndiyo ya kuziba pengo hilo. Ukitaka kupimwa, nenda hospitali.

Kijana wangu alipimwa mara ya pili na virusi havikupatikana. Alifurahi, kisha akauliza ni lini atarudi kutoa damu. Ilinibidi nimweleze kwamba hatarudi: kingamwili zaweza kubaki mwilini maisha yote, na mfuko wake ungetupwa kila mara.

"Kwa hivyo mimi ni mzima, lakini damu yangu haitakiwi?"

Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo.