Sauti za Moyo na Maradhi ya Vali

Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec aliviringa karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Hivyo ndivyo stetoskopu ilivyoanza. Mwanafunzi anaweza kulirudia jaribio hilo kwa mwenzake, upande wa kushoto wa kifua. Atasikia sauti mbili zinazofuatana: ya kwanza nzito, ya pili fupi na kali zaidi, kisha kimya.

Sauti hizo hutokea wakati vali zinapofungwa. Vali ni vilango vinavyoiruhusu damu kupita upande mmoja tu, nazo ni nne. Ventrikali zinapojikaza, vali mbili zilizo kati yake na atiria hufungwa: hiyo ndiyo sauti ya kwanza. Damu ikishaingia katika mishipa mikubwa, vali mbili za mishipa hiyo hufungwa: hiyo ndiyo sauti ya pili.

Maji ya mto hupita kimya penye kina, bali huvuma yanapobanwa na mawe. Vivyo hivyo, vali iliyoharibika huivuruga damu, na daktari husikia mvumo. Vali ya mitrali, iliyo upande wa kushoto wa moyo, ikivuja, mvumo huwa kati ya sauti ya kwanza na ya pili. Tundu lake likiwa limebana, mvumo hufuata sauti ya pili. Hata hivyo, si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya huwa nao.

Katika Afrika Mashariki, vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili au tatu baada ya koo kuambukizwa bakteria waitwao streptokoki. Viungo huvimba na kuuma, kimoja baada ya kingine, kisha hupona. Lakini vali huweza kubaki na makovu ya kudumu. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, homa hiyo huzuilika. Aliyekwisha kuipata huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, isimrudie.

Basi mwalimu asiharakishe kumwita mvivu mwanafunzi anayetweta kwa mbio fupi. Ampeleke hospitali, moyo wake usikilizwe.