Waliokosea kwa Hoja

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari kama dunia hulizunguka jua au jua huizunguka dunia, naye atakujibu papo hapo. Muulize tena amejuaje. Hapo atakodoa macho, au aseme kwamba mwalimu ndiye aliyemwambia. Basi huyo, licha ya usahihi wa jibu lake, amepungukiwa na kitu walichokuwa nacho Wagiriki wa kale ambao tumezoea kuwacheka.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle alishikilia kwamba dunia imetulia tuli katikati ya ulimwengu, ikizungukwa na matabaka ya mbingu yaliyofunikana mithili ya maganda ya kitunguu, nayo ndiyo yaliyobeba mwezi, jua, sayari na nyota. Alikosea. Hata hivyo, ni yeye huyo aliyetoa ushahidi kwamba dunia ni duara kama mpira: mwezi unapopatwa, kivuli cha dunia juu yake huwa na ukingo wa mviringo, tena zipo nyota zionekanazo Misri ambazo mtu wa kaskazini hazioni kamwe. (Wanaofundisha kwamba dunia ilidhaniwa kuwa bapa hadi safari ya Columbus mwaka wa 1492 na wasome upya.)

Karne iliyofuata, Aristarchus wa kisiwa cha Samos alitamka kwamba jua ndilo lililotulia na dunia ndiyo inayolizunguka. Habari hizi twazipata kwa Archimedes, maana maandishi ya Aristarchus mwenyewe kuhusu jambo hilo yamepotea. Wengi hawakumkubali, na hawakukosa sababu. Abiria wa matatu huuona mti wa kando ya barabara kana kwamba unahama mbele ya mlima ulio mbali. Aristotle alikwisha kudokeza kwamba dunia ikisafiri, mwonekano wa nyota nao hauna budi kubadilika. Mbona basi haubadiliki, mwaka nenda mwaka rudi?

Aristarchus alijibu kwamba nyota zi mbali mno, hata njia yote ya dunia ni kama nukta tu mbele yake. Hakuwa na namna ya kuthibitisha. Copernicus, aliyelifufua wazo hilo mwaka wa 1543, hakuwa nayo pia. Ni mwaka wa 1838 ndipo Mjerumani Friedrich Bessel, kwa darubini, alipotangaza kwamba ameupima mhamo wa nyota moja: haukufika sehemu 1 kati ya 10,000 za digrii moja. Jicho la Aristotle lisingaliuona hata angalikesha maisha yake yote.