Springi za pikapu kuukuu: Pima mzigo kwanza, kuinua gari baadaye

MMILIKI wa pikapu kuukuu anayeishi Taru, Kaunti ya Kwale, hutumia barabara za aina mbili. Ya kwanza ni lami ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, inayopita hapo kati ya Samburu na Mackinnon Road, na ambako malori hayakatiki usiku wala mchana. Akiiacha lami hiyo, hukutana na njia za udongo mwekundu, mawe, makorongo yaliyochimbwa na mvua na vijituta vinavyofuatana kama mabati ya paa.

Gari hilo hilo ndilo hubeba maji wakati wa ukame, magunia ya mahindi, mbuzi wa kupelekwa sokoni na, mara nyingine, mgonjwa wa kukimbizwa hospitalini Kinango au Mariakani. Springi ikikatika nyikani, hasara haiwi ya mwenye gari peke yake.

Ndiyo maana wengi hutamani kuyawekea magari yao saspensheni imara zaidi. Hata hivyo, wengi pia hununua kimo wakidhani wamenunua nguvu. Gari lililoinuliwa hupendeza macho, lakini swali la kwanza linapasa kuwa ni uzito gani litakaobeba, na mara ngapi kwa wiki.

Kazi mbili tofauti

Springi ndizo zinazobeba uzito wa gari na shehena yake. Vifyonza mtikisiko, ambavyo mafundi huviita shoki, havibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi baada ya kubonyea, ili gari lisiendelee kurukaruka na tairi lisibanduke barabarani.

Kwa hivyo, pikapu inayolala nyuma ikipakiwa haitapona kwa kufungwa shoki mpya. Vivyo hivyo, pikapu inayorukaruka kama mpira haitatulia kwa kuongezewa kibao cha springi. Fundi anayependekeza dawa moja kwa maradhi yote mawili anafaa kuulizwa maswali zaidi.

Nyuma, karibu pikapu zote za zamani hutumia springi za vibao vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mbele ndiko kuna tofauti. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 75 zina vibao mbele na nyuma, ilhali zile za 79, zilizoanza kuundwa mwaka 1999, zina springi za koili mbele. Toyota Hilux za magurudumu manne zilizoundwa kabla ya mwaka 1997 aghalabu zina vibao pande zote. Isuzu na Nissan nyingi za miaka ya 1990 hutumia nondo za chuma zinazojipinda mbele.

Tofauti hizi ni muhimu kwa sababu seti ya gari moja haiwezi kufungwa katika jingine kwa kukisia. Anayekwenda dukani anapaswa kubeba nambari ya chasisi na mwaka wa gari.

Uzito wa maji

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijazwa ni tani nzima, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, dereva na abiria. Pikapu nyingi za kabini moja ziliundwa kubeba takriban tani moja, na za kabini mbili hubeba chini ya hapo. Mwenye gari asome kibao cha kiwandani au kitabu cha gari ili ajue kiwango halisi.

Ipo njia rahisi ya kupima. Egesha gari mahali tambarare likiwa tupu, kisha kwa futi ya fundi pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Pakia mzigo wa kawaida, upime tena. Fanya hivyo katika magurudumu yote manne. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine gari likiwa tupu, kuna springi iliyochoka au kibao kilichovunjika.

Vipimo hivyo ndivyo vya kumpelekea muuzaji. Watengenezaji wa seti za nje ya barabara, kama vile Old Man Emu na Ironman za Australia, hutoa springi za gari moja kwa viwango mbalimbali vya mzigo. Anayebeba kilo 500 kila siku anahitaji springi tofauti na anayebeba kilo 100 wiki nzima na tani moja siku ya soko tu.

Kuchagua springi ngumu kupita kiasi kuna gharama yake. Gari likiwa tupu, springi hizo hazibonyei, na kila pigo la barabara huishia kwenye fremu, bodi na mgongo wa dereva. Fremu kuukuu iliyoanza kuliwa na kutu inaweza kupata nyufa. Nyuma ya gari pia huteleza kwa urahisi kwenye kona yenye changarawe.

Desturi ya kuongeza kibao kimoja kutoka gari jingine ni nafuu na imewafaa wengi. Lakini kibao hicho kisipolingana na vingine kwa mpindo na upana, mzigo haugawanyiki sawasawa, na kimojawapo hukatika mapema.

Joto la shoki

Katika vijituta vya nyika, shoki hufanya kazi bila kupumzika. Mafuta yaliyomo hupata joto, yakafanya povu na kupoteza nguvu, kisha dereva akahisi gari linaelea. Shoki zenye gesi ya naitrojeni hupunguza povu hilo.

Shoki zenye bomba moja hupoa haraka, ila jiwe likilibonyeza bomba hilo, hukwama. Zenye mabomba mawili, moja ndani ya jingine, huchelewa kupoa lakini huvumilia zaidi kupigwa na mawe. Kwa anayeendesha polepole akiwa na mzigo kwenye njia za mawe, aina hii ya pili mara nyingi humtosha.

Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, yaliwahi kukimbia katika nyika hii ya Taru. Lakini saspensheni ya mashindano hutengenezwa kwa mwendo wa kasi na gari jepesi. Si kielelezo cha pikapu ya kuchotea maji.

Hatari iliyofichika kwenye breki

Kuinua gari kwa milimita 40 hadi 50 huwatosha wengi. Zaidi ya hapo, pembe ya shafti hubadilika, mabomba ya breki huweza kuvutika, na gari huwa jepesi kupinduka kwa kuwa uzito umepanda juu.

Pikapu nyingi zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma inayopima jinsi gari lilivyobonyea. Gari likishuka kwa mzigo, vali huongeza nguvu za breki za nyuma. Likiwa juu, huzipunguza. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, vali hudhani gari li tupu hata likiwa na tani moja, na breki za nyuma hudhoofika. Katika barabara kuu iliyojaa malori, kosa hilo linaweza kugharimu maisha.

Aliye na fedha kidogo aanze na vitu vidogo: bushi, pini za springi, boliti zenye umbo la U na ukaguzi wa fremu. Zifuate shoki, kisha springi iwapo vipimo vimethibitisha kuwa zimechoka. Springi mpya kwenye bushi zilizokwisha haziwezi kulinyoosha gari.

Baada ya kufunga, magurudumu yapangwe upya, taa zirekebishwe zisiwamulike madereva wengine, na boliti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Ikumbukwe pia kwamba springi ngumu haziongezi kiwango cha mzigo kinachoruhusiwa. Ekseli, beringi, tairi na breki ni zile zile, na Sheria ya Trafiki hutazama uzito ulioidhinishwa. Iwapo mahitaji ya nyumbani ni tani moja na nusu ya maji, safari mbili ni salama kuliko seti yoyote ya springi.