Fahamu: Je, Wajapani wanamiliki kiondo?

Kwa miaka mingi imesemwa Kenya, na sasa inazunguka WhatsApp, kwamba Japani ilichukua hataza ya kikapu cha kiondo. Wanaoirudia habari hiyo hawataji namba ya hataza wala mwaka wake, na hapo ndipo pa kuanzia. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, kwa kawaida hudumu miaka 20, na nguvu yake huishia mipakani mwa nchi iliyoitoa. Kiondo cha katani, kinachosukwa na wanawake wa Kikamba na Kikuyu tangu enzi za bibi zao, si kipya; na hata hataza ya Tokyo isingemzuia msusi wa Machakos kuuza Nairobi.

Wapo wanaosema uvumi huu angalau unaamsha watu. Ni kweli tishio lipo: miaka ya 2000 kampuni moja iliomba kusajili jina “kikoy”, yaani la vazi la kikoi, Uingereza kama alama ya biashara. Lakini kikoi kiliokolewa na watu waliolisoma ombi lenyewe na kuwasilisha pingamizi. Msusi aliyeaminishwa kwamba kiondo kimeshakwenda haoni sababu ya kusajili alama ya kikundi chake, wala ya kudai haki chini ya sheria ya Kenya ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Dalali akimwambia kiondo si chenu tena, atapokea bei yoyote.