Mashabiki wa Dabi ya Kariakoo (2): Hatari Iko Getini

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu utani wenyewe: jinsi Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyofuata mwaka 1936, ikiitwa Sunderland hadi 1971, zilivyogawana mitaa, koo na hata vyumba vya nyumba moja. Leo tuingie kwenye usalama. Kila dabi inapokaribia, Temeke nzima husikia mazungumzo yale yale: mashabiki watenganishwe vipi, nani akae upande gani, askari wangapi wasimame katikati. Mazungumzo hayo yana maana, na sitayabeza. Ninachodai ni kwamba yamekula nafasi ya jambo kubwa zaidi. Ushahidi wa hapa nyumbani, wa majirani zetu na wa dunia unaonyesha kuwa shabiki anayekwenda mpirani hatishiwi sana na mtani wake aliyevaa jezi nyingine. Anatishiwa na geti lililofungwa, ngazi iliyojaa, na umati unaosukuma kutoka nyuma bila kujua kinachotokea mbele.

Tuanze na Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Rais huyo wa awamu ya tatu baada ya kifo chake Julai 2020. Unachukua watu 60,000. Siku ya dabi, kutengana kwa mashabiki kwenye mzunguko (majukwaa ya tiketi za kawaida) hufanywa zaidi na mazoea kuliko na uzio: wa Msimbazi (Simba) wanajua upande wao, wa Jangwani (Yanga) wanajua wao, na anayekosea njia akiwa na jezi ya wenzake hupigiwa kelele mpaka ahame, na wakati mwingine huguswa kwa mikono. Hilo ni kosa na lizuiwe. Lakini tupime uzito wake. Oktoba 20, 2013 Yanga iliongoza 3-0 hadi mapumziko, Simba ikarudisha yote; Novemba 5, 2023 Yanga ikaifunga Simba 5-1. Ni vigumu kupata mechi mbili zenye kuchoma moyo kuliko hizo, na zote mbili watu walitoka uwanjani wakaenda kumalizana kwa maneno vijiweni na ofisini. Utani huu una breki zake ndani: mpinzani ni shemeji, ni mpangaji mwenzako, ni kondakta wa daladala utakayoipanda kesho. Hakuna kamanda wa polisi anayeweza kutengeneza breki kama hizo, na mpango wowote wa usalama unaosahau kuwa zipo unaanza na hesabu mbovu.

Sasa tutazame pale ambapo watu wamekufa. Machi 21, 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru, ukuta kwa ukuta na Mkapa, wananchi walikwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Hapakuwa na timu mbili, hapakuwa na jezi, hapakuwa na bao la utata. Walikuwa ni watu wenye huzuni moja. Polisi walieleza baadaye kuwa watu 45 walipoteza maisha katika msongamano, baada ya baadhi kutaka kuingia kwa nguvu. Miaka miwili baadaye, Mei 28, 2023, Yanga ilicheza na USM Alger ya Algeria mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Karibu kila aliyekuja alikuwa upande mmoja, na hata wana Simba wengi siku hiyo waliliona kombe kuwa la nchi. Mtu mmoja alikufa na takriban 30 wakajeruhiwa katika msukumano wa kuingia. Matukio haya mawili yametokea ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu, na katika yote mawili kutenganisha mashabiki kusingemwokoa hata mmoja.

Sababu yake inaeleweka na wataalamu wa umati wamekwisha kuieleza. Watu wakiwa wawili au watatu katika mita moja ya mraba, kila mmoja bado anatembea kwa hiari yake. Wakifika sita au zaidi, hiari inakwisha. Mwili hauchagui tena pa kwenda, na msukumo mdogo wa nyuma unasafiri mpaka mbele ukiongezeka nguvu. Ni kama Mto Msimbazi wakati wa masika: maji hayana ubaya na mtu, yamekosa njia tu, na anayesimama mahali ambapo yangepita ndiye anayebebwa. Tunasema watu wamekanyagana, lakini wengi hufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hata hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Hesabu ya kuzuia hali hiyo ni ya darasa la saba. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unakadiria kuwa kigeti kimoja cha kupita mtu mmoja mmoja hakipaswi kutegemewa kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Kwa hiyo watu 60,000 wakija katika saa moja ya mwisho, vinahitajika vigeti 91 vinavyofanya kazi bila kukwama. Wakisambazwa kwa saa tatu, vinatosha 31. Kadi za N-Card zimepunguza tiketi bandia na zimesaidia kujua mapato, nami nazisifu kwa hilo, lakini kadi isiyosoma haraka huongeza sekunde kwa kila kichwa, na sekunde hizo hujilimbikiza nje, kwenye njia ya kuelekea Chang'ombe na Barabara ya Mandela, mahali ambapo hakuna anayehesabu.

Majirani zetu Nairobi walilipa gharama ya somo hili kabla yetu. Oktoba 23, 2010, Gor Mahia na AFC Leopards, watani wa jadi wa Kenya, walikutana Uwanja wa Nyayo. Watu saba walikufa, na vifo hivyo vilitokana na msongamano wa getini wala si vita vya majukwaani. Johannesburg, Aprili 11, 2001, katika mechi ya Kaizer Chiefs na Orlando Pirates kwenye Uwanja wa Ellis Park, walikufa 43. Mashabiki wa timu hizo wana desturi ya kukaa wamechanganyika, tofauti na sisi, na mtu angeweza kudhani kuchanganyika huko ndiko kulikoua. Hapana. Uwanja ulikuwa umejaa, nje wakabaki wengi, mpira ukaanza, bao likafungwa, na waliokuwa nje wakasukuma.

Twende pale ambapo kutenganisha kumefanywa kwa ukali wote unaowezekana. Glasgow, Januari 2, 1971: Rangers na Celtic, dabi ambayo mashabiki wake hukaa pande tofauti hata milango ya kuingilia ni tofauti. Walikufa 66 kwenye ngazi namba 13 ya Uwanja wa Ibrox wakitoka, wote upande wa timu moja. Sheffield, Aprili 15, 1989: uzio wa chuma ulikuwa umewekwa mbele ya jukwaa la Uwanja wa Hillsborough kwa sababu ya kuogopa wahuni, na uzio huo ndio uliowazuia watu kutoka walipokuwa wanabanwa. Idadi ya waliokufa leo ni 97. Kuna funzo moja la Hillsborough ambalo ningependa kila mkuu wa operesheni wa dabi alijue kwa moyo: polisi walipoona watu wakipanda uzio, mwanzoni waliwachukulia kuwa wavamizi wa uwanja. Walikuja wakitarajia fujo, kwa hiyo macho yao yaliona fujo mahali palipokuwa na watu wanaokata roho. Ilichukua mpaka mwaka 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kuwa mashabiki hawakuwa na lawama. Na Malang, Indonesia, Oktoba 1, 2022, kutenganisha kulifika ukomo: mashabiki wa Persebaya, timu ngeni, walikatazwa kabisa kuhudhuria. Uwanja wa Kanjuruhan ulikuwa na rangi moja tu. Baadhi ya wenyeji waliingia uwanjani kwa hasira ya kufungwa, polisi wakarusha mabomu ya machozi hadi majukwaani, watu wakakimbilia milango isiyopitika. Walikufa 135. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi ya kutawanyia umati kubebwa au kutumiwa uwanjani, na sababu yake ni hiyo: gesi huwaamuru watu waondoke wote kwa mara moja, wakati mlango unapitisha wachache.

Msomaji makini atanikumbusha Port Said. Februari 1, 2012, mashabiki wa Al Masry waliwavamia wa Al Ahly, na watu zaidi ya 70 wakafa. Kweli, hapo uadui uliua, na yeyote anayesema uadui hauui hajasoma historia ya mpira wa Misri. Hata hivyo, tuiangalie siku hiyo vizuri. Waliovamiwa walikimbilia njia ya kutokea wakakuta lango limefungwa, na wengi walibanwa hapo hapo. Uadui uliwasha moto, lango likakamilisha. Kwa hiyo hata mtu anayeamini kuwa watani wetu siku moja watageuka maadui wa damu, bado ana sababu ya kuanza na milango.

Wengine watataja viti. Oktoba 1, 2016, baada ya bao la Yanga lililolalamikiwa kuwa la mkono, mashabiki wa Simba waling'oa viti zaidi ya 1,700, Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja kwa muda. Desemba 15, 2024 viti viling'olewa tena katika mechi ya Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, na CAF ikailazimisha Simba icheze na CS Constantine Januari 2025 bila mashabiki. Ni aibu, na wahusika wanastahili kushtakiwa mmoja mmoja kwa picha za kamera, badala ya kuadhibiwa umati mzima. Lakini mwaka 2016 hasira ilimlenga mwamuzi, na waliovunja walivunja upande wao wenyewe. Kwa fujo za Sfaxien, ndiyo, kutenganisha kulihitajika: safu kadhaa za viti vitupu na njia ya kutokea ya wageni peke yao. Hapo ndipo mahali pa kutenganisha panapoanzia, na ndipo panapoishia.

Hoja ngumu zaidi ni ile inayosema mashabiki wetu hawana nidhamu: wanachelewa, wanaruka ukuta, wanasukuma. Ninaijibu kwa kuuliza nidhamu inaanzia wapi. Mei 8, 2021 dabi ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo ikasogezwa mbele hadi saa 1 usiku. Yanga ikaleta timu saa 11, ikaondoka, na mechi haikuchezwa mpaka Julai 3. Machi 8, 2025 Simba ilisema haitacheza, baada ya kuzuiwa usiku wa kuamkia mechi kufanya mazoezi uwanjani, na lawama zikawaangukia mabaunsa waliokuwa getini. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku yenyewe ya mchezo, na dabi hiyo ilikuja kuchezwa Juni 25. Maelfu walikwisha kusafiri, kulipa na kupanga foleni. Umati wa watu 60,000 ambao haujui kama kuna mechi ni umati hatari, na hatari hiyo haikutengenezwa na shabiki wa mzunguko. Zaidi ya hayo, geti lililindwa na watu ambao hakuna aliyejua wanaamriwa na nani. Wizara ndiyo mwenye uwanja, shirikisho la soka (TFF) na Bodi ya Ligi ndio wenye mashindano, klabu mwenyeji ndiyo mwenye mapato, polisi ndio wenye nguvu. Wote wakiwa wakubwa, hakuna mwenye dhamana ya kusema: simamisheni kuingia, chelewesheni mpira dakika 20. Mtu huyo lazima awepo, ajulikane kwa jina kabla ya siku ya mechi, na neno lake lisipingwe na kiongozi yeyote wa klabu.

Yaliyobaki hayahitaji fedha nyingi. Vijana wa Keko, Miburani na Mtoni wanaweza kufunzwa kwa siku chache, wakavaa reflekta, wakasimamia foleni umbali mrefu kabla ya geti, ili asiye na tiketi arudishwe huko barabarani badala ya kukutana na chuma kilichofungwa. Tiketi ya mzunguko itaje geti na saa ya kuingia, hata kama haitaji kiti. Mageti ya kutokea yafunguliwe yote kabla kipenga cha mwisho hakijalia, kila moja likiwa na mtu asiyeruhusiwa kuondoka. Na kazi hii isiishie Mkapa. Chamazi, Uwanja wa Azam Complex unachukua watu wapatao 10,000 na unategemea barabara ya kutoka Mbagala Rangi Tatu. Kinondoni, uwanja wa KMC pale Mwenge na ule wa Meja Jenerali Isamuhyo kule Mbweni ni vidogo zaidi. Simba na Yanga zinapohamishia mechi zao huko, wafuasi wa Mkapa wanazifuata, na uwanja mdogo haubanwi na uadui. Unabanwa na hesabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara, TFF na Jeshi la Polisi ni moja. Kabla ya dabi ijayo, wachapishe magazetini mambo manne ambayo kila mwenye tiketi ana haki ya kuyajua: geti lake ni lipi, linafunguliwa saa ngapi, linapitisha watu wangapi kwa saa, na nani ana mamlaka ya kulifunga. Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itaangalia safari ya kurudi usiku: daladala, bodaboda na taa za barabara ya Kilwa.