Mtungi wa Watu Wawili

Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, ni eneo la hifadhi tangu 1997, na sehemu kubwa ya maji yake upande wa Fumba si ya kina kirefu. Ndiyo maana mzamiaji huzoea. Anashuka mita 10, anatazama matumbawe, anapanda, hakuna lililomsibu. Mazoea hayo yakipelekwa kwenye mita 30 au 40, hesabu ni nyingine kabisa, na wengi hawaipigi upya.

Tuipige hapa. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa botini ni moja, kwenye mita 10 ni mbili, kwenye mita 30 ni nne. Anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 30 anakula lita 80. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa baa 200 una lita 2,400. Dakika 30 tu, mtungi mtupu, naye bado yuko chini.

Sasa mwenzake aishiwe hewa. Wawili wanategemea mtungi mmoja, na kwa hofu kila mmoja anavuta lita 30 badala ya 20. Dakika moja ya kushikana na kutulizana pale chini inakula lita 240. Kupanda taratibu, kama mita 9 kwa dakika, kunakula zipatazo 500. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kunakula 270. Jumla imepita lita 1,000, yaani baa 84 za mtungi ule wa lita 12. Kwa hiyo geji ikisoma 90, mzamiaji asijione ana karibu nusu mtungi. Hewa ile ina mwenyewe tayari, na safari ya chini imekwisha hata kama kila kitu kinakwenda vizuri.

Wazamiaji wa mapangoni, ambao hawawezi kupanda moja kwa moja, walijiwekea kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Wanaoshuka kina kirefu huongeza mitungi ya akiba, na huchanganya heliamu kwenye gesi yao, maana naitrojeni ya hewa ya kawaida hulevya kadiri unavyoshuka, na mlevi hajui kwamba amekosea kusoma geji. Hata theluthi ina masharti yake. Siku za bamvua, maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mkondo uliokusukuma kwenda ndio utakaokupiga kifuani ukirudi. Nahodha wa Fumba anayengojea maji mafu naye anaweka akiba, ila hageuzi hesabu yake kuwa baa.

Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba, wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini walisitisha kazi kwa sababu ya kina na mkondo. Kwa familia zilizongojea pwani lilikuwa pigo juu ya pigo. Hata hivyo naamini walifanya sawa: mkondo una nguvu, maji ni ya mita mia kadhaa, hakukuwa na nafasi hata ya kosa dogo.

Wanaoninyima usingizi ni wengine. Unguja wapo wavuvi wa majongoo bahari wanaozamia kwa mitungi, na ambaye hakufundishwa majedwali ya kuzamia na kupanda hulipwa kwa alichookota, halipwi kwa dakika alizosimama akipanda. Akizamia mara nyingi kwa siku moja, naitrojeni hujilimbikiza mwilini. Akipanda haraka, hugeuka mapovu kwenye damu na uti wa mgongo, miguu ikafa ganzi, mkojo ukafunga. Mwanafiziolojia Haldane alionyesha tangu 1908 kwamba kupanda kwa vituo huzuia hilo. Maarifa yana umri wa zaidi ya karne, na hayahitaji mashine.

Kwa mwenye boti anayewabeba, ningeanza na vitu vitatu: geji inayosoma sawasawa kwa kila mtungi, kamba yenye fundo kwenye mita 5 ya kushikilia wakati wa kupanda, na oksijeni safi botini. Mgonjwa alazwe chali, aivute mfululizo tangu dalili ya kwanza, njia nzima hadi hospitali, hata akisema ganzi imeanza kuachia.