Nani anamlipa mwandishi wa habari wa Boyoma?

Ukitaka kujua kama mkutano na waandishi wa habari unaelekea kuisha, hapa Kisangani, usisikilize mikro. Tazama macho ya wapiga kamera. Msemaji akifika tu kwenye "nawashukuru", macho yote yanaacha meza ya wakubwa na kumfuata yule ndugu wa protokole mwenye orodha na mfuko mweusi. Majina yanaitwa. Kila mutu anaenda pembeni, anatia sahihi, anarudi na bahasha. Ndiyo "coupage". Neno liko la Kifaransa, lakini kazi tunayolifanyisha Wafaransa hawaijui.

Rafiki yangu mmoja ni pijiste, mwandishi wa kujitegemea, zaidi ya miaka kumi sasa. Anaandikia gazeti, anasomea radio mbili, na hakuna hata nyumba moja yenye jina lake kwenye karatasi ya mishahara. Yeye anacheka tu. Anasema anaweza kukadiria unene wa bahasha kwa kuhesabu sifa ndani ya habari ya jioni: "mkutano" peke yake, ilikuwa franga za toleka, "mkutano wa maana sana", kulikuwa na chakula, "mkutano wa kihistoria", mtu amenunua viatu. Na bahasha yenyewe haifiki nyumbani nzima. Kuko sehemu ya kamera, sehemu ya mkubwa wa redaksio aliyekutuma wewe badala ya mwingine, halafu mega za kutuma sauti.

Ile inayomchekesha zaidi ni atelye juu ya maadili ya kazi. Siku mbili watu wanafundishwa kwamba coupage ni mbaya, wanatoka na azimio kwamba coupage ni mbaya, na mlangoni wanatia sahihi wanapewa pesa. Siku ile inaitwa "transport".

Kanuni hazikosi. Waandishi wenyewe walijitungia kanuni ya maadili Kinshasa, Machi 2004. Sheria ya mwaka 1996 juu ya uhuru wa habari imebadilishwa na ordonnance-loi namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023. Karatasi ziko. Mimi natoka mu sendika ya migodi, si mwalimu wa uandishi, kwa hiyo naanza na swali tunaloanza nalo kwetu: huyu mutu anakula kwa mkono wa nani?

Ndugu msomaji, mashimo ya almasi na dhahabu ya Tshopo unayajua. Mchimbaji mdogo, yule tunaita creuseur, hana mshahara. Kuko mfadhili anayemtolea unga, maharagi, sombe na chepeo. Jiwe likitoka, tayari ni la mfadhili, na bei anaitaja yeye. Mchimbaji anaweza kulia bei ni ndogo, lakini alishakula. Mwandishi wa bahasha ni hivyo hivyo. Habari inauzwa kabla haijatoka shimoni. Tofauti ni moja: mchimbaji anajua ana deni, mwandishi anaambiwa ni zawadi.

Na mwenye nyumba ya habari je? Yeye ametoa mikro na kadi yenye picha, basi. Mshahara ameuachia gavana, kampuni, ONG, mbunge, yeyote mwenye ukumbi na viti. Watu wanasema waandishi wameharibika. Mimi naona mabosi wao wamefanya hesabu nzuri sana.

Kwa Boyoma, kuandika bila kulipwa vizuri si jambo la jana. Patrice Lumumba alipokuwa karani wa posta hapa, wakati mji ungali Stanleyville, alikuwa anatuma makala kwa La Croix du Congo na La Voix du Congolais, na aliongoza L'Écho postal la wafanyakazi wa posta. Lakini alikula mshahara wa posta. Aliyeandikwa siye aliyemlisha.

Hasara inaangukia wapi? Inaangukia kwetu. Udongo ukianguka juu ya wachimbaji upande wa Banalia au Bafwasende, kufika ni zaidi ya kilomita mia moja, kwa pikipiki, mu matope. Wajane hawana protokole. Sendika yetu ikitoa tamko, tunaulizwa kwa adabu kama "tumefikiria waandishi". Hatukufikiria, juu makato ya wanachama hayatoshi hata karatasi. Siku ile ile mkubwa anakata utepe Makiso, na kamera ziko saba. Mwaka 2023, vita vya Wambole na Walengola vilipowaka Lubunga na watu wakakimbia kuvuka mto, kule hapakuwa na bahasha. Mwandishi aliyepanda pirogi kwenda kutazama alilipa mwenyewe, kama alikuwa nayo.

Sasa kuko kitu ambacho waandishi wengi hawakisomi, wakati wanasoma amri zote za serikali mbele ya mikro. Kodi ya kazi, sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 44: mkataba usipoandikwa, unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 40: aliyeajiriwa kwa siku, akishamaliza siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ameingia mkataba wa kudumu. Bosi atasema, huyu si mfanyakazi wangu, ni pijiste, analipwa kwa kipande. Vema. Nani anamwambia asubuhi aende wapi? Nani anamrudisha akichelewa? Mwenye kutoa amri ndiye bosi, na hilo tumelisemea mbele ya inspekta wa kazi kwa ajili ya watu wa migodi ambao hawakuwa na karatasi hata moja.

Nilimwambia rafiki yangu anunue daftari: tarehe, saa, nani amemtuma, wapi, habari ilipita saa ngapi. Alicheka, akasema ataandika nayo sifa za bahasha. Lakini alinunua. Ijumaa iliyopita alinionyesha. Amefika siku 19.